Mjane wa Mume Aliye Hai

Mtu akishausia, inampasa afe. Sheria hiyo haijaandikwa mahali popote, lakini Kaisho nzima iliijua, na Muhangi aliivunja. Aliusia mbele ya watu, akalia, akawaliza na wengine, akabebwa kwa machela hadi mto Kagera na kuvushwa kwenda kupasuliwa ng'ambo, upande wa Uganda. Miezi ikapita, watu wakaanza kumtaja kwa sauti ya chini kama anavyotajwa marehemu. Kisha siku moja akaonekana anapanda mlima kwa miguu yake, amekonda, ameshika fimbo, na nyuma yake Byarugaba amebeba mzigo. Huo ulikuwa mwaka wa 1948. Watu walishangilia. Mwaka uliofuata walizoea. Kufikia mwaka wa tisa alibaki mtu mmoja tu aliyeukumbuka usia ule kila alipoamka, naye alikuwa Muhangi mwenyewe.

Ugonjwa ulikuwa umeanza kwa mkojo. Kwanza ulimwamsha mara nyingi, kisha ukawa unatoka kwa matone, kisha ukakataa kabisa. Akanywa dawa za mizizi, akakandwa tumbo, haikusaidia. Dresa wa zahanati, Methodius, kijana aliyesomea kazi yake Bukoba, alimpima, halafu akasema hili ni la kisu, na kisu chenyewe hakipo karibu. Siku zile hapakuwa na mtu wa Kaisho aliyepasuliwa tumbo akarudi. Ndiyo maana Muhangi aliusia.

Alimwita Aristides, mkubwa wa ukoo, na majirani. Alilala kwenye kitanda cha miti, tumbo limejaa kama ngoma, akasema ng'ombe wagawiwe binti zake wawili, Rozi na mdogo wake, ambao walikuwa wameshaolewa. Shamba la migomba na kahawa lirudi kwenye ukoo. Akapumzika. Kisha akasema, "Sina ndugu wa tumbo moja, wala sina mtoto wa kiume. Mke wangu Kokugonza namwachia Byarugaba."

Byarugaba alikuwa ndugu yake wa kuchanjiana, munywani wake. Walipokuwa vijana wakichimba bati kwenye migodi ya Kyerwa, walikaa kwenye mkeka mmoja, kila mmoja akachanjwa chini ya kitovu. Tunda moja la kahawa likapasuliwa, na buni zake mbili, zile zinazolala kifua kwa kifua ndani ya ganda moja, kila mmoja akaipaka yake damu akamlisha mwenzake. Aliyekula buni hivyo hamnyimi munywani wake kitu, wala havunji neno alilompa. Akivunja, tumbo litavimba mpaka limuue. Kwa hiyo Byarugaba aliposema pale kitandani, "Nimekubali," watu walijua amefungwa. Kokugonza alikuwa nyuma ya kiambaza cha matete, ameshika kata ya maji. Alisikia yote. Hakuna aliyemuuliza.

Huko ng'ambo, daktari Mzungu alimpima, kisha mkalimani akamweleza. Chini ya kibofu kuna tezi ambayo kila mwanamume anayo. Ya kwake imeota uvimbe mgumu kama kokwa, na uvimbe umeshapasua ganda lake na kutoka nje. Daktari anaweza kuukata, lakini hawezi kuahidi kwamba ameumaliza. Tena ugonjwa huu una kinachoulisha, na hicho nacho kiondolewe.

"Kinachoulisha ni kipi?" Muhangi aliuliza.

Mkalimani, mtu mzima mwenye wake wawili, aliangalia pembeni. "Ni vile viwili, mzee."

Muhangi alifikiri kutwa nzima. Jioni akasema, "Akate." Alitaka kukojoa tu. Mtu aliyezibwa mkojo siku nyingi hana kingine anachokitaka duniani.

Daktari alisema wengi ambao uvimbe wao umetoka nje ya ganda hawafiki mwaka wa tano. Muhangi akafika. Akafika wa sita, wa saba. Mgongo haukumuuma, miguu haikufa ganzi, alikula akanenepa hata watu wakasema hospitali imemfaa. Hawakuyajua mengine. Hawakujua kwa nini ndevu zake zilikuwa zimepungua, au kwa nini katikati ya maongezi jasho lilimtoka ghafla na uso ukamwaka kama aliyeinama juu ya jiko. Hawakujua kwamba kitandani alikuwa amelala kama gogo tangu aliporudi. Na mkojo, ambao zamani ulikataa kutoka, sasa ulikataa kukaa. Ulimtoka akikohoa, ulimtoka akibeba kitu, ulimtoka zaidi akicheka. Kokugonza alimkatia shuka kuukuu vitambaa, akavikunja, akavifua, akavianika nyuma ya nyumba ambako migomba imesongamana. Muhangi alijifunza kutocheka. Kwenye kilabu cha rubisi, ile pombe ya ndizi, watu wakisimulia kichekesho, yeye aliangalia chini akahesabiwa kuwa mtu mwenye hekima.

Byarugaba alifiwa na mkewe mwaka mmoja baada ya upasuaji ule. Alikuwa hajafika hata miaka hamsini, ana nguvu, ana shamba lake bondeni. Hakuoa. Mwaka ukapita, na mwingine. Watu hawakuhitaji kuambiwa sababu. Siku moja kilabuni, jirani mmoja aliyekuwa amekunywa alimwambia mbele ya wote, "Byarugaba, kuku wako bado analala kwenye banda la mwenzio? Angalia asije akazeekea huko!"

Watu walicheka. Byarugaba alitabasamu akapokea kibuyu. Muhangi hakucheka, na safari hii haikuwa kwa sababu ya mkojo.

Tangu siku hiyo alianza kuona mambo. Aliona kwamba Byarugaba anakuja kila wiki kukata majani ya migomba, kutegemeza iliyoinama, kushusha mikungu, kazi ambazo yeye Muhangi hakuweza tena kuzifanya bila kulowa. Zamani aliona huo ni wema. Sasa aliona ni mtu anayetunza shamba linalokaribia kuwa lake. Aliona Kokugonza anampelekea maji ya kunywa shambani. Aliwasikia wanacheka huko ndani ya migomba, kicheko kile cha chini cha watu wanaoelewana, na yeye akifika wananyamaza. Mkewe alikuwa na miaka arobaini na kitu, mgongo umenyooka bado. Alipopita na ndoo kichwani, Muhangi alimtazama kwa macho ya Byarugaba, akaona anapendeza, akachukia.

Akaenda zahanati. Kila mwaka Methodius alimwita kwa niaba ya daktari wa ng'ambo, ambaye alipenda kujua wagonjwa wake wameishia wapi. Methodius alimgongagonga uti wa mgongo, akambonyeza mapaja, akamuuliza kama anaumwa mifupa.

"Siumwi," alisema Muhangi. "Sema, nitakufa lini?"

Methodius alisimama. "Mzee, miaka yote hii nangojea uniulize kama umepona."

"Nimepona?"

"Sijui. Hata daktari hajui. Wengi waliokatwa wakati wako wamekwisha, ugonjwa uliwarudia mifupani. Wewe sijui unakula nini. Unaweza kuishi mwaka, unaweza kutuzika sote."

"Mtu anayenisubiri atasubiri sana?"

"Nani anakusubiri?"

Muhangi alivaa kanzu yake. "Kuna mtu," akasema.

Novemba ikaleta mvua, na mvua ikaleta senene, wale panzi wa kuliwa. Walitua usiku kama mvua nyingine, na asubuhi wanawake wote walikuwa kwenye nyasi na vikapu. Kwa desturi, mwanamke huwaokota senene, huwanyonyoa mbawa na miguu, huwakaanga, huwafunga kwenye majani makavu ya mgomba na kumpa mumewe, naye mume humpa nguo mpya. Mwanamke hawali. Na hampi fungu lake mwanamume asiye wake, labda kama anataka kusema jambo ambalo halisemwi kwa mdomo.

Kokugonza alimletea Muhangi fungu lake, limefungwa vizuri, fundo limepindishwa mara mbili na ncha zake zimefichwa ndani. Hakuna mwanamke mwingine wa Kaisho aliyefunga hivyo. Muhangi alilitundika juu ya meko. Siku chache baadaye alikwenda bondeni kwa Byarugaba kuazima panga. Byarugaba hakuwapo. Mlango ulikuwa wazi. Juu ya meko lilining'inia fungu la senene, na fundo lilikuwa limepindishwa mara mbili, ncha zimefichwa ndani.

Alisimama pale hadi alipohisi kitambaa kimelowa. Akarudi nyumbani bila panga.

Uani alimkuta Kokugonza na wanawake wawili wa jirani wakianika kahawa, na Aristides ameketi kivulini, amekuja kusalimia. Mtu mwingine angengoja wageni waondoke. Muhangi alikuwa amengoja miaka tisa.

"Mama Rozi," alisema, "mwaka huu umefunga mafungu mangapi?"

"Nimekupa lako, Baba Rozi. Umelimaliza?"

"Na lile jingine umempa nani?"

"Jingine lipi?"

"Nimeliona kwake! Nimeliona fundo lako kwa macho yangu!" Sauti ilimpanda, nyembamba. "Mimi sijafa! Mwambieni Byarugaba sijafa! Na wewe, mjane wangu, ungengoja basi nizikwe ndipo uhame!"

Wanawake waliinamia kahawa yao. Aristides alikohoa. Kokugonza alisimama taratibu, akapangusa mikono kwenye kanga. Katika ndoa yao yote hakuwahi kumwita mumewe kwa jina lake.

"Muhangi," alisema, "mjane wako nimekuwa tangu siku ile uliponigawa ukiwa hai. Nimefiwa na mtu anayekula chakula changu kila siku. Sasa nimechoka na matanga."

Aliingia ndani, akatoka na kifurushi, akashika njia ya Bugene, kwao.

Mwanamke aliyekasirika akarudi kwao hafuatwi mbio. Huachwa moyo upoe, kisha mume humfuata na rubisi, na hasemi mwenyewe. Hutafuta mtu wa kumsemea. Muhangi aliyajua hayo, akakaa. Siku za kwanza alikaa kwa kiburi. Baadaye alikaa kwa sababu vitambaa vilikwisha. Alivifua mwenyewe, mikono yake mikubwa ikivisugua vibaya, akavianika gizani ndani ya nyumba ili asionekane, vikabaki na unyevu, vikanuka, vikamchubua mapaja. Hapo ndipo alipoelewa kwamba kila siku kwa miaka tisa mtu alikuwa ametafuta jua kwa ajili yake.

Asubuhi moja alitoka akamkuta Byarugaba nyuma ya nyumba. Vitambaa vyote vilikuwa vimetolewa nje, vimetandazwa juu ya mibuni, vimepigwa na jua.

Muhangi alihisi uso unamwaka. "Alikwambia! Hata hilo alikwambia!"

"Nani?"

"Mke wangu!"

Byarugaba alinyoosha kitambaa kilichojikunja. "Munywani, wewe ulikuwa na homa hospitali, umesahau. Nesi alinifundisha mimi kuvikunja. Nilipokurudisha, mimi ndiye niliyemwonyesha Mama Rozi." Akachukua kingine. "Unavisuguaje hivi? Utatoboa."

Muhangi alitaka kumchukia, na chuki ilikuwapo tele, lakini haikupata mahali pa kukaa.

"Nimekamua rubisi," alisema Byarugaba. "Imeshachacha vizuri. Kesho twende Bugene."

"Twende? Na wewe?"

"Una munywani mwingine wa kukusemea?"

Hakuwa naye. Hivyo ndivyo mtu mwenye wivu alivyofunga safari ya kumfuata mkewe akiongozana na mtu yule yule anayemwonea wivu, naye ndiye amebeba kibuyu. Walitembea hadi barabara, wakapanda lori la kahawa, wakakaa juu ya magunia. Kila mara lori liliporuka, Muhangi alilowa. Waliposhushwa, Byarugaba alimpa mfuko bila kumtazama, akaenda kusimama mbali kama mtu anayeangalia hali ya mawingu. Ndani ya mfuko mlikuwa na vitambaa vikavu, vimekunjwa sawasawa.

Njiani Muhangi alimtazama mgongoni. Mgongo mpana, hatua nyepesi. Huyu hajawahi kulowa, aliwaza. Huyu akicheka, anacheka tu. Wivu ule ulikuwa wa zamani kuliko wa mke, na mkubwa zaidi.

Kahigi, kaka yake Kokugonza, aliwapokea kwa heshima na uso usioonyesha kitu. Waliketi mkekani, kibuyu kikawekwa katikati. Kahigi akauliza habari za Kaisho, za mvua, za ng'ombe. Kisha akasema, "Haya. Tunasikiliza."

Byarugaba alijiweka sawa. "Tumekuja kuomba. Mwenzangu alikosa. Alimtamkia mkewe maneno mazito mbele ya watu, kwamba anakwenda na mwanamume. Tunaomba asamehewe."

"Mwanamume gani?"

Byarugaba alijikuna shingo. "Mimi."

Kahigi alimtazama huyu, akamtazama yule. "Subirini. Mwizi ndiye amemleta mwenye mali kudai?"

"Ndivyo ilivyo, shemeji."

"Nimesikiliza mashauri mengi," alisema Kahigi. "Hili nitalisimulia mpaka nife. Mwiteni Kokugonza."

Kokugonza aliingia akapiga magoti, akasalimia, bila kumwangalia mumewe. Nyuma yake aliingia mdogo wake Verdiana, mjane wa miaka kama arobaini, na kisahani cha kahawa ya kutafuna. Aliwapa wageni kwa mikono miwili. Alipofika kwa Byarugaba, buni mbili zilimdondoka.

Muhangi aliona. Mtu mwenye wivu huona kila kitu, ila hukiona mahali pasipo pake.

"Baba Rozi," alisema Kokugonza, "lile fungu la senene ulilitazama fundo vizuri?"

"Ni lako."

"Ni la mama yetu. Alitufundisha wawili."

Verdiana alikuwa ameinamia kisahani kana kwamba anahesabu buni zilizobaki.

"Tangu lini?" aliuliza Muhangi.

"Mwaka wa tatu huu," alisema Kokugonza. "Mimi ndiye ninayepeleka salamu na kuleta majibu. Huko migombani ulikotusikia tukicheka, tulikuwa tunamcheka yeye. Mtu mzima, mvi kichwani, anauliza kama Verdiana alimtaja." Verdiana alimfinya dada yake mguuni. "Wanataka ndoa ya kanisani. Na mchungaji hafungishi ndoa mtu mwenye ahadi ya mke mwingine. Yeye ana ahadi. Amekula buni juu yake. Akimwoa Verdiana, siku ukifa hawezi kunichukua, basi amevunja neno, na tumbo linavimba. Kwa hiyo anakungojea."

Muhangi alimgeukia Byarugaba. "Kwa nini hukuniambia? Miaka yote!"

"Ningesemaje?" Byarugaba alifungua viganja vyake. "Ningekuja asubuhi, nikupigie hodi, niseme, 'Munywani, naona unakawia kufa, naomba unifungue'?"

Kahigi alikuwa wa kwanza. Alicheka hadi akashika ubavu. Verdiana akaficha uso kwenye kanga, mabega yanatetemeka. Kokugonza alijitahidi akashindwa. Na Muhangi, ambaye kwa miaka tisa alikuwa ameangalia chini, alihisi kicheko kinampanda kutoka tumboni, kimetoka mahali alipochanjwa, na hakuwa na nguvu ya kukizuia. Alicheka na kulowa kwa wakati mmoja. Aliketi katika unyevu ule anajua kwamba akisimama ataaibika. Kokugonza alipita nyuma yake kama anayekwenda kuchukua kitu, kanga yake ya pili ikamwangukia mumewe mapajani.

Kicheko kilipotulia, kitu kingine kikamchoma Muhangi. "Kwa hiyo mke wangu humtaki? Ana kasoro gani?"

"Munywani!"

"Nauliza. Miaka tisa nakosa usingizi, kumbe humtaki?"

Byarugaba aliona haya. Alipojibu, alijibu polepole. "Mwaka wa kwanza baada ya kufiwa, nilimtaka. Nisikudanganye. Wa pili pia. Halafu nikaona kwamba kila ninapokuja kwako nakuangalia uso nione kama umekonda. Siku moja ulikohoa sana, na moyo wangu ukaruka. Nilirudi nyumbani nikajiogopa. Nikaacha kumtaka, kama mtu anavyoacha tumbako."

"Mmemaliza kunipiga mnada?" alisema Kokugonza.

Muhangi alichukua buni kwenye kisahani akaishika. Mbele ya Kahigi, akasema anamfungua Byarugaba kutoka kwenye neno la usia ule, na kwamba tumbo lake lisivimbe wala la watoto wake. Byarugaba aliinamisha kichwa. Verdiana alitoka nje haraka.

"Vema," alisema Kahigi. "Sasa dada yangu unamwachia nani?"

Muhangi alianza kufikiri majina. Kulikuwa na binamu huyu, kulikuwa na yule, kulikuwa na Aristides mwenyewe. Kila jina lilipomjia, alimwona mtu huyo ameketi kwenye kigoda chake, anakula kwenye bakuli lake, anamtazama Kokugonza anapita na ndoo.

"Usiniachie mtu," alisema Kokugonza. "Niachie shamba."

"Shamba ni la ukoo, Mama Rozi. Mwanamke hapewi. Aristides atapiga kelele hadi Bukoba."

"Basi nitakaa hapa. Verdiana akiolewa, kitanda chake kitakuwa wazi." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetaja bei ambayo haipungui. "Sikukimbii kwa sababu ya vitambaa, Baba Rozi. Nilivifua, na ningevifua. Nimekimbia kuwa kitu kinachongoja kuhamishwa."

Muhangi aliigeuzageuza ile buni kiganjani. Kama ningesema kwamba alifikiri juu ya haki, ningemsifu kuliko anavyostahili. Alifikiri hivi: Kokugonza akipewa shamba, hatahitaji mwanamume. Asipohitaji mwanamume, hakuna atakayekaa kwenye kigoda. Hakuna, milele. Wazo hilo lilimwingia mwilini kama uji wa moto. Alikubali kwa wivu, akakubali kwa moyo wote.

"Shamba ni lako," alisema. "Kahigi ni shahidi. Byarugaba ni shahidi."

Aristides kweli alipiga kelele. Alikuja na wazee wawili, akasimama uani, akasema mtu hausii mara mbili, na kwamba usia wa kwanza ulishakubaliwa na ukoo.

"Ule niliusia nikiwa nakufa," alijibu Muhangi, "tena tumbo limejaa mkojo, sioni mbele. Huu nausia nikiwa mzima. Methodius amesema naweza kuwazika ninyi nyote. Ukitaka tubishane, mkubwa wangu, tubishane. Nina muda."

Walibishana msimu mzima wa palizi. Wazee walikuja, wakanywa, wakaondoka, wakarudi. Mwishowe walichoka wao kwanza, wakasema Kokugonza alilime shamba maisha yake yote na asiondolewe na mtu, na baada yake litazamwe tena. Kokugonza alisema maisha yake yote yanatosha.

Byarugaba na Verdiana walifunga ndoa kanisani baada ya Pasaka. Muhangi alisimama karibu na bwana harusi, amejifunga vitambaa viwili kwa tahadhari, na alicheka alipotaka kucheka.

Wiki iliyofuata Byarugaba hakuja shambani. Wala iliyofuata. Migomba mitatu ililala kwa upepo. Muhangi alijaribu kuitegemeza peke yake, akalowa, akabadilisha, akajaribu tena, na Kokugonza akaja kumshikia mti. Jioni alikaa mlangoni akiangalia njia ya bondeni.

"Unangojea nani?" Kokugonza aliuliza.

"Zamani alikuwa anakuja hata bila kuitwa."

"Ana mke sasa, Baba Rozi."

"Najua ana mke." Muhangi alichukua fimbo yake akasimama, akajikung'uta kanzu. Sauti yake ilikuwa nyembamba tena, kama siku ile ya senene. "Lakini mwanamke gani huyo anayemfungia mtu ndani hivyo? Kwani mwenzangu hana watu wengine duniani?"

Akashuka bondeni, haraka kadiri mwili wake ulivyomruhusu, kwenda kumdai munywani wake.